Baba wa Timu Nzima

Nilikuwa baba wa timu nzima ya mpira kabla sijaota ndevu. Si kwa kuzaa. Baba yangu alioa wake wanne, na mimi nilizaliwa na yule wa mwisho, uzeeni mwake, wakati ambapo wanawe wa nyumba ya kwanza walikuwa tayari na wake na watoto. Kaka yangu mkubwa kwa baba alikuwa na mtoto wa kiume wa umri wangu. Kwa hesabu ya Wagusii mtoto huyo ni mwanangu, mimi ni baba yake, na hakuna mahakama ya kukatia rufaa.

Tulizaliwa msimu mmoja, wimbi likiwa linavunwa. Mama zetu walitulaza kwenye ngozi moja kando ya shamba, na nadhani tulianza kugombania ngozi hiyo kabla hatujajua kutambaa. Baadaye tulichunga ng'ombe pamoja kwenye mteremko unaotazama Kebirigo. Mpira wetu ulikuwa wa majani makavu ya mgomba yaliyofungwa kwa kamba za mgomba uleule, na ulipolowa maji ulikuwa mzito, ukikupiga tumboni unakaa chini. Tulioga pamoja mtoni, tukatukanana matusi ambayo mama zetu wangetuchapa kwayo, tukapigana, tukasahau. Sikuwa na rafiki mwingine wala sikutafuta. Mtu mwenye chakula nyumbani haendi kuomba kwa jirani.

Mtoto ambaye hajatahiriwa kwetu hana baba wa kumwonea haya zaidi ya yule mwenye fimbo. Sheria huanza baada ya kisu. Tulitahiriwa asubuhi moja, kwenye foleni moja, katika baridi ile ya Desemba ambayo watu wa nchi za chini hawaamini nikiwaeleza. Tulikuwa tumeshapanga jinsi tutakavyokaa jandoni pamoja, nani atalala upande wa moto, nani atachoma panya. Jioni ile wakatutenganisha. Yeye akapelekwa nyumba moja na vijana wa kizazi chake, mimi nikapelekwa nyingine, ng'ambo ya migomba. Nilisikia sauti yake wakiimba, na nikawa nasubiri kupona ili nimcheke, kwa kuwa alikuwa akiimba vibaya.

Mzee aliyetufunza alitueleza chinsoni. Anayejua Kiswahili atalisikia neno soni humo ndani, na maana yake ni hiyohiyo: haya za watu wa ukoo, nani amwonee nani, na kwa namna gani. Baba na mwana waliokwisha kutahiriwa hawaonani uchi. Hawataniani. Hawaogi pamoja. Mwana hamsukumi baba wala hamgusi mwili kwa mchezo, na akifanya hivyo mabaya yanaweza kuwafuata watoto wake. Nilikuwa nikisikiliza kwa sikio moja, nikimfikiria baba yangu mzazi, mzee aliyekuwa halali bila blanketi mbili. Sikujua kwamba mzee yule alikuwa akinieleza habari zangu.

Tulipotoka jandoni nilikutana naye kwenye njia ya chemchemi. Nikamwita kwa jina letu la machungani. Akaondoka njiani, akaingia kwenye majani yenye umande, akainamisha macho.

"Bwakire, tata," akasema. Umeamkaje, baba.

Nilidhani anatania. Nikamsukuma begani. Aliruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto, na nilipomtazama usoni nikaona kwamba haukuwa utani. Alikuwa anaogopa. Nilipita na kibuyu changu, na yeye akabaki kwenye majani mpaka nilipofika mbali.

Miaka michache baada ya uhuru vijana wa kilima chetu walianzisha timu. Mechi zilikuwa Jumapili, kwa kuwa nusu ya wachezaji walikuwa Wasabato na Jumamosi hawakugusa hata kamba za viatu. Wale Wakatoliki walikuja moja kwa moja kutoka misani wakiwa na mashati meupe. Uwanja ulikuwa pembeni mwa soko, umeinama, na timu iliyoshambulia kwa kuteremka ndiyo iliyoshinda. Mimi nilikuwa mshambuliaji, na nasema bila aibu kwamba nilikuwa mzuri. Yeye alikuwa namba tano, nguzo ya ulinzi, na baadaye nahodha.

Wachezaji wote walikuwa wa ukoo wetu, na wote, kwa bahati ambayo sijui nimshukuru nani, walikuwa wa kizazi cha wanangu. Wenzangu wa kizazi changu walikuwa wazee wenye mvi wasiohitaji mshambuliaji. Na msidhani kwamba Wagusii hawana utani. Babu na mjukuu wanaruhusiwa kutaniana hadi wachoke. Laiti ningezaliwa kizazi kimoja nyuma zaidi, ningekuwa babu ya timu ile na tungetukanana vizuri sana. Mimi nilikwama palepale pabaya.

Mazoezini hakuna aliyeninyang'anya mpira. Nilipokuja nao, waliacha njia. Nahodha alipotaka nimpasie alisema, "Tata, tunaomba mpira," na mpaka amalize adabu hizo, nafasi ilikuwa imekwisha. Mwenzangu akikosa goli la wazi, walimrukia kwa maneno: mguu wa kiti, jicho la bundi, rudi ukachume chai. Nilipokosa mimi, walitazama chini na mmoja akasema bahati mbaya. Kuna Jumapili nilicheza vibaya tangu mwanzo hadi mwisho, vibaya kabisa, dhidi ya watu wa Ikonge, na nikaenda nyumbani bila kusikia neno. Nilikaa kitandani nikajitukana mwenyewe, lakini haina ladha.

Baada ya mechi timu ilikwenda mtoni. Ninaamini mpira wote huchezwa kwa ajili ya saa ile, wakati watu wako majini na kila mmoja anaeleza goli lake likiwa limekua kidogo. Wao walioga chini, penye maji mapana. Mimi nilioga juu, nyuma ya kona, peke yangu, ili tusionane. Waliniachia maji safi. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Nilijisugua nikisikiliza vicheko vyao, na sauti yake nikiijua katikati ya zote, kwa sababu alicheka kama zamani, akianza juu na kumalizia kwa kikohozi. Nilipomaliza nilitakiwa kukohoa kwanza kabla ya kupita kwenye njia ya juu, ili wajifunike. Nikikohoa, vicheko vilikatika. Walisubiri nipite. Nikishafika kwenye mikaratusi nilisikia vikianza tena.

Watu husema heshima si utumwa. Waliosema hivyo hawakuwahi kuoga peke yao kila Jumapili, wakiwa na umri wa miaka ya ujana, huku rafiki yao wa pekee yuko hatua chache chini ya mto akiwachekea wengine. Nilikuwa mpweke, na upweke wangu ulikuwa wa ajabu kwa kuwa hakuna aliyenichukia. Mtu akikuchukia unaweza kupatana naye.

Mwishowe nikaondoka. Nilipata kazi mjini Kisii, katika duka la Mhindi aliyeuza misumari, rangi na mabati. Alikuwa Mhindu, mpole asubuhi na mkali jioni, na aliponiuliza kama najua Kiswahili nilisema ndiyo, ingawa Kiswahili changu cha shuleni kilikuwa na viraka vingi. Nikapanga chumba Nyanchwa, karibu na kanisa, nikawa napanda kilima kila jioni peke yangu na kuwasha taa ya chemli.

Mjini kulikuwa na timu pia. Walikuwa mafundi wa gereji, makarani wa posta, mshona nguo mmoja, na mtoto wa tajiri wangu aliyecheza pembeni na kukimbia kuliko sisi sote. Nahodha alikuwa fundi wa magari, Mluo, mwenye sauti ya kuita mtu aliye mlima wa pili. Siku yangu ya kwanza ya mazoezi nilipewa mpira, nikaenda nao nikitarajia njia, na fundi yule akanichota miguu yote miwili. Nilianguka kifudifudi. Akasimama juu yangu akaniuliza kama mama yangu alinizaa ili nipambe uwanja. Nililala palepale nikitabasamu, mpaka wakaogopa kwamba nimeumia kichwa.

Walinipa jina la utani ambalo siwezi kuliandika. Tulioga kwenye bomba nyuma ya gereji, sote, tukinyang'anyana sabuni moja, na nikikosa goli nilielezwa kwa Kiswahili, kwa Kijaluo na kwa Kigujarati. Nilikuwa na furaha, nisiseme uongo. Lakini jioni zilipofika kila mmoja alikwenda kwao. Waliijua miguu yangu, hawakujua mama yangu anaitwa nani wala kilima gani kiko nyuma ya nyumba yetu. Wakati mwingine nikipanda Nyanchwa nilijikuta nikimsimulia mtu mechi ya siku ile, kwa Kigusii, kimoyomoyo, na mtu huyo alikuwa ni yuleyule. Alikuwa ameoa kufikia wakati huo, ana watoto wawili. Nilikuwa nimesikia habari hizo sokoni.

Kisha timu ya kilima chetu ikaialika timu ya mjini. Kulikuwa na harambee ya kujenga madarasa, na mechi ilikuwa ya kuwavuta watu. Nilimwambia nahodha kwamba tumbo linaniuma. Akasema tumbo hilo litapanda lori pamoja na wengine. Tajiri wangu alitoa lori lake la mabati, nasi tukaenda tukiimba, isipokuwa mimi.

Nilipoingia uwanjani, mabeki wote wa timu ya nyumbani waliniamkia mmoja baada ya mwingine, macho chini. Wenzangu wakashangaa. Mpira ulipoanza nilijitenga pembeni nikitumaini nitasahaulika, lakini mpira ukanifuata, na nilipougusa tu njia ikafunguka mbele yangu. Beki wa kwanza akasogea. Wa pili akasogea. Kipa akatoka nusu, akasita, akarudi. Nikapiga, ukaingia, na wanawake waliouza ndizi kando ya uwanja wakacheka mpaka wakashikana. Walijua wanacheka nini.

Nahodha wetu alinikimbilia kwa furaha, halafu akatazama nyuma, akatazama mabeki.

"Wewe umepea hawa watu dawa gani?" akaniuliza.

Ilinibidi nimweleze. Alisikiliza, akakaa chini uwanjani akicheka, akawaeleza wengine, na tangu hapo kila mpira ukawa wangu. Baba wa watu apewe mpira, walisema. Nikafunga la pili. Sijawahi kufunga goli nikiwa na aibu kama ile. Wale vijana hawakuwa wajinga, walikuwa wakishindwa mbele ya mama zao na wake zao kwa sababu ya adabu, na wenzangu walikuwa wameifanya adabu ile kuwa ngazi. Namba tano alikuwa akinitazama kwa mbali. Hakuwa amenikaribia tangu mwanzo. Alikuwa amenenepa kidogo shingoni, na alikuwa na hasira. Niliijua hasira yake tangu siku za ng'ombe, ilianzia masikioni.

Mvua ilikuwa imeanza kunyesha nilipopewa mpira kipindi cha pili, katikati, njia ikiwa wazi kama kawaida. Nikaanza kukimbia. Nikamwona anakuja. Sikupunguza mwendo, na yeye hakupunguza. Bega lake liliingia kifuani mwangu, pumzi ikanitoka, tukaanguka wote kwenye tope, tukateleza pamoja, mkono wake ukiwa shingoni mwangu na goti langu tumboni mwake. Akanitamkia usoni tusi la machungani, lile kubwa, tulilokuwa tukilitumia mtu akiiba zamu. Nikamrudishia. Akacheka. Alianza juu akamalizia kwa kikohozi, na mimi nikacheka, tukalala pale kwenye matope tukicheka, na kwa muda ule sikuwa baba wa mtu yeyote.

Kisha nikasikia kimya. Uwanja mzima ulikuwa umenyamaza. Wanawake walikuwa wameweka mikono midomoni. Yeye naye akasikia. Niliona kicheko kikitoka usoni mwake, na yule kijana wa kwenye njia ya chemchemi akarudi, na hofu yake ileile. Aliinuka, akajifuta mkono ulionishika kwenye kaptura yake, akatoka uwanjani bila kungoja filimbi. Kaka yangu, baba yake mzazi, alikuwa ameshasimama chini ya mwavuli.

Mechi iliisha. Tulishinda. Katika lori waliimba jina langu la utani njia nzima, na nahodha akanipa sehemu yake ya mkate. Nilikuwa na alama ya bega lake kifuani, nyekundu, na kila lori liliporuka shimo nilisikia maumivu. Sikutaka ipone.

Baada ya majuma machache kaka yangu alikuja dukani. Hakuwa mtu wa kuja mjini. Alisimama kati ya ndoo za rangi na kofia mkononi, akaniambia nije nyumbani, mbuzi wa kuondoa kosa amepatikana. Akaeleza, bila kuulizwa, kwamba yeye ni Msabato aliyebatizwa na mambo hayo ya zamani hayaamini. Lakini mbuzi amepatikana, na ingefaa iwe Jumapili.

Nilimwambia hakuna kosa. Ulikuwa mpira. Mjini naangushwa kila siku na hakuna mbuzi anayekufa.

"Mdogo wangu," akasema, "mtoto mdogo wa mwanao anakohoa. Ameanza tangu siku ile. Mke wake halali."

Nikasema apelekwe hospitali. Akasema ameshapelekwa, na dawa anakunywa. Tajiri wangu alikuwa ameacha kuhesabu misumari ili asikilize, ingawa hakuelewa neno.

"Wewe huna kosa," kaka yangu akasema. "Kosa ni lake. Lakini ni wewe tu wa kuliondoa."

Nilienda. Nilipokuwa njiani nilijiambia kwamba nitakula nyama na kurudi, haina maana yoyote. Lakini nilijua vizuri nilichokuwa nikiendea. Katika miaka yote ile yeye aliniita tata, kwa kuwa alilazimika. Mimi sikuwahi kumwita mwanangu. Hata mara moja. Nilimwita wewe, nilimwita nahodha, au nilikaa kimya. Hicho ndicho kilichokuwa kimebaki cha machungani, na nilikuwa nimekitunza peke yangu.

Mbuzi alichinjwa nyuma ya nyumba ya marehemu baba. Mzee wa ukoo alichukua vilivyokuwa tumboni mwa mbuzi, akatupaka kifuani, mimi kwanza, kisha yeye. Alinipaka palepale penye alama ya bega, ambayo sasa ilikuwa ya manjano. Tulisimama tukitazama pande mbili tofauti. Mzee akaniuliza kwa sauti ya kila mtu kusikia kama nimemsamehe mwanangu.

Nilitaka kusema kwamba hakuna mtu aliyewahi kunitendea jema kama lile. Nilitaka kusema kwamba tangu tutoke jandoni sijawahi kuwa na rafiki ila kwa muda ule mfupi kwenye tope. Wote walikuwa wakingoja. Ndani ya nyumba yake mtoto akakohoa, kikohozi kikavu, na nikaona mke wake mlangoni akiniangalia kwa macho ambayo hayakuwa yameomba kitu kwa mtu kwa muda mrefu.

"Nimemsamehe mwanangu," nikasema.

Watu wakapumua. Wakala, wakazungumza habari za bei ya majani ya chai na za madarasa mapya. Mimi nilipewa nyama kwenye sahani yangu peke yangu, kitini, ndani. Yeye alikula nje na vijana. Nilisikia wakicheka kidogo, halafu mtu akawanyamazisha kwa kuwa niko ndani.

Jioni alinisindikiza hadi barabarani, kama mwana anavyopaswa. Alibeba mfuko wangu akitembea nyuma yangu. Hiyo ilikuwa nafuu. Watu wasiotazamana wanaweza kusema mengi. Tulipita kituo cha kununulia majani chai, kikiwa kimefungwa, ndipo nikauliza bila kugeuka.

"Siku ile. Ulikusudia?"

Alihamisha mfuko wangu mkono wa pili.

"Nilikuona unakuja na mpira, tata," akasema. "Nikasahau."

"Ulisahau nini?"

"Nilisahau kwamba wewe ni tata."

Nilisimama. Naye akasimama, nyuma, umbali uleule. Nilitaka kumwomba asahau tena, hata hapo njiani, hata kwa muda wa kuvuka daraja. Gari lilikuwa linakuja. Nikageuka nikapokea mfuko kutoka mkononi mwake, naye akatazama chini.

"Rudi nyumbani, mwanangu," nikamwambia.

Akarudi.